Tundu la Moshi Jikoni kwa Nesta

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Nesta aliyainamia mafiga na kuyaambia kwa upole, "Leo tusigombane." Kisha akapuliza, na ugomvi ukaanza.

Jiko lake pale Itaka lilijengwa na marehemu mumewe, Efraimu, mtu mfupi aliyepima mlango kwa kimo chake mwenyewe. Nesta, aliyempita mumewe kwa kichwa kizima, aliingia kwa kuinama miaka yote ya ndoa, na alipofiwa akaendelea kuinama. Atoke kuchuma kahawa, arudi kutoka Tunduma kuuza maharage, lazima apike humo humo. Daktari alimwonya kwamba moshi utamharibu macho na kifua. Ndugu wakamshauri abomoe.

"Nikibomoa, nitamkuta wapi?" aliwauliza. Hakuna aliyerudia kumshauri.

Mwaka 2013 binti yake, Jenista, alirudi likizo kutoka chuo kikuu, ambako alisomea hesabu za mwendo wa hewa. Akaona hapa ndipo elimu itamfaa mama. Alilipima jiko kwa futi kamba, akaligawa ndani ya kompyuta kuwa vijisanduku vingi, na kila kijisanduku akakipa milingano mizito ya kufuata moshi unavyopinda. Kilichomsumbua ni mizunguko midogo ya hewa, ile midogo kuliko kijisanduku chenyewe. Hiyo haihesabiki mmoja mmoja. Hukisiwa kwa kanuni. Kila alipojaribu, namba zilipanda ovyo hadi hesabu ikavunjika. Mwishowe akaweka kanuni ya kulainisha mizunguko hiyo, akaiongeza nguvu, akaiongeza tena, mpaka moshi kwenye kioo ukatulia, ukatoka kwa tundu alilolichora juu ya ukuta wa mashariki kama maziwa yanayomiminwa.

Jirani yao, mzee Anyelwisye, alichungulia. "Mama Jenista, kumbe mwanao anafuga moshi humo?"

"Anaufundisha adabu. Akimaliza atakuja kwako, wewe na kiko chako."

Wakatoboa tundu. Jioni ile Nesta akasema, "Unatoka vizuri mno, mwanangu." Akasema hivyo kila alipoulizwa, na Jenista akaanza kufikiria majiko ya majirani.

Likizo ilipokaribia kwisha, asubuhi moja Jenista alikwenda dukani kuchaji kompyuta, akakuta jenereta halina mafuta, akarudi mapema. Alisimama mlangoni mwa jiko. Moshi ulipanda hadi kwenye tundu, ukakutana na upepo wa mashambani, ukakatika vipande vidogo vidogo vyenye kuzunguka, ukarudi ndani. Ile mizunguko midogo. Aliifuta mwenyewe kwa kulainisha mno, ili hesabu isivunjike, na pamoja nayo akaufuta huo moshi unaorudi.

Chini kabisa, karibu na sakafu, mama yake alikuwa ameketi akimenya viazi huku amefumba macho.

Jenista alimshika mkono, akamtoa nje, akamnawisha uso kwa maji ya ndoo. Nesta alikohoa, akatulia, akamwachia binti yake ampanguse mashavu kama mtoto.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Siku unatoboa ule ukuta, wewe ulikuwa unaimba," Nesta alisema. "Sikutaka unyamaze."