Kona ya Mkwe Haipo Tena

Mlio aliokuwa akiukumbuka Mama Njano ulikuwa mmoja tu: gari likishusha gia kabla ya Kona ya Mkwe, mara nne za harakaharaka, kama mtu anayeshuka ngazi kwa viatu vya mbao. Enzi hizo, akiusikia tu, mkono ulikuwa unaikaza bendera wenyewe. Miaka kumi na tano alisimama pale na bendera ya njano ya kutahadharisha madereva, ndipo jina likamganda.

Kisha mashindano ya magari yakafa. Kwa miaka ishirini na mbili alibaki na cherehani yake, akishona sare za shule na kupanua suruali za wanaume wanaodai kitambaa ndicho kilichosinyaa. Sasa habari zikaenea kwamba magari yanarudi, uwanja umejengwa upya, na washika bendera wa zamani wanaitwa kwenye majaribio. Atakayefaulu atapewa kizibao na kona yake. Atakayeshindwa akate tiketi kama watu wengine. Mama Njano hakuwa na nia ya kuyatazama mashindano akiwa amekaa.

Kilichomchosha ni ramani. Waliouchora uwanja upya walinyoosha palipopinda, wakapinda palipokuwa pamenyooka, na wasitosheke, wakafuta majina yote. Kona ya Mkwe, iliyoitwa hivyo kwa sababu hata dereva mwenye kiburi vipi alifika pale akashikwa na adabu, ilikuwa imevunjwa. Kona mpya zilipewa namba, moja hadi kumi na sita, kama vyumba vya gesti. Mumewe aliibandika ramani nyuma ya mlango wa choo ili mkewe ajisomee kwa utulivu. Wiki tatu alijisomea, na kila akitoka alitoka na hasira mpya.

Siku ya majaribio akapangiwa kona ya kumi na moja. Gari la uokoaji aliliendesha shemeji yake, mdogo wa mumewe, kama zamani. Msimamizi, binti wa rika la kitindamimba wake, alipanga ajali ya uongo: gari litaacha njia, Mama Njano apunge bendera na kutoa taarifa kwa redio ya upepo, na msaada ufike ndani ya dakika mbili.

Gari likaja, likateleza, likazama kwenye mchanga. Bendera ikapaa bila dosari. Akabonyeza redio, akasema, "Gari nje ya njia, Kona ya Mkwe."

Shemeji naye hakusita. Akakanyaga mafuta hadi mahali penyewe hasa ilipokuwa Kona ya Mkwe, ambapo sasa ni maegesho ya mabasi. Alizunguka humo dakika saba, akimuuliza mlinzi majeruhi amelazwa wapi. Alipofika hatimaye, dereva aliyeigiza majeruhi alikuwa amekaa juu ya boneti anachezea simu.

"Shemeji, umeniaibisha," akasema akishuka garini. "Si ungetaja namba?"

"Na wewe uliyekwenda? Umesikia Mkwe, ukakimbia kama umeitwa kula."

"Ukiniambia Mkwe, mimi niende wapi tena?"

Mama Njano akajipiga bendera pajani kwa hasira.

Msimamizi aliuliza kwa heshima huyo Mkwe ni dereva wa timu gani. Mama Njano akamweleza kwa kirefu, kwa sauti ile inayowafanya wateja wake washushe macho, kwamba kwa majina hayo watu waliokolewa miaka na miaka, na hakuna aliyepotea njia. Binti akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, mama. Lakini huyu angekuwa anavuja damu kweli, dakika saba angezimaliza?"

Mama Njano akautazama mchanga. Alikuwa amechoshwa na ramani, na waliochora, na shemeji, na zaidi ya wote ulimi wake mwenyewe, uliokuwa na umri wa kujua.

Alipewa jaribio moja tu lililobaki. Akarudi kwenye kituo chake, akatembea mbele na nyuma, akasonya. Redio ikakoroma, msimamizi alikuwa anaita vituo kimoja kimoja, na kila kimoja kikaitikia.

"Kumi na moja, upo?"

Akaikunjua bendera, akaikunja tena.

"Kumi na moja?"

Akaibana redio kama anayemkaba mtu, akaisogeza mdomoni, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Kumi na moja. Nipo."