Mrudishie Mwili

Kwa miaka kumi na tisa Nanyama aliwachora marehemu wa watu pale Kondele, mjini Kisumu, kibanda chake kikiwa ubavuni mwa changu cha kushonea sare za shule. Najua siku hizi picha hukuzwa kwa mashine ikachapishwa kwa dakika chache. Lakini mashine humtoa mtu jinsi alivyo, na hilo silo walilofuata kwa Nanyama. Walimletea kitambulisho, au picha ya simu iliyopigwa wodini, kisha wakapunguza sauti na kusema maneno yale yale: "Mrudishie mwili."

Naye alimrudishia. Aliuliza, "Mashavu yake yalikuwa aje kabla augue?" halafu akashika brashi. Nimeona wajane wakicheka mbele ya kipande cha plaiwudi, waume zao wamenawiri upya, shingo zimejaa kwenye kola. Nilizoea kumtania kwamba angekuwa na uwezo huo kwa watu walio hai, mimi ningekuwa wa kwanza kwenye foleni, maana nimekonda tangu utotoni.

Kisha saratani ya tumbo ikampata yeye. Tulidhani ni vidonda, tukapoteza miezi. Nguo niliyomshonea Krismasi ikawa inamvuka mabegani. Mama yake, Mama Nakhungu, akaja kutoka Webuye kumuuguza. Kila asubuhi alimwogesha kwenye karai, akimgeuza polepole, na akimaliza alimkalisha kibandani ashikeshike rangi kidogo.

Hapo ndipo Nanyama alipoanza kujichora. Mama yake alimshikia kioo. Alichora kila kitu: macho yaliyozama, mifupa ya mashavu, kichwa kisicho na nywele, mshipa uliosimama shingoni. Mimi sina subira, nikamfokea.

"Yawa, Nanyama! Watu wote umewanenepesha, wewe mwenyewe unajifanyia hivi?"

"Seline, yule mnono sikuwahi kumwangalia," akasema. "Nilikuwa bize na sura za watu. Huyu ndiye nimekaa naye chini nikamjua. Sasa mkimficha, mtakuwa mmezika nani?"

Akanitaka niahidi kwamba picha hiyo, si nyingine, ndiyo ingesimama kando ya jeneza lake. Niliahidi. Nilimshika mkono, ulikuwa mwepesi mno, nikaahidi mara ya pili bila kuulizwa.

Alifariki mwezi wa Machi. Mama yake alitangulia nyumbani kupokea wageni, na kaka yake, Wechuli, akaja Kisumu kufuata mwili mochari. Nilipomfunulia picha alirudi nyuma hatua mbili.

"Hapana, Seline. Hii tutaibeba tuipeleke wapi? Watu watasema tulimnyima chakula. Dada yangu hakuwa hivi."

Makanga wa Kondele nzima wananiogopa kwa mdomo wangu. Siku hiyo nilimkubalia mara moja. Ningependa kusema nilimhurumia Wechuli, na kweli alikuwa analia, lakini ukweli ni kwamba hata mimi sikutaka kuiona picha ile. Nilimtaka rafiki yangu wa zamani, yule wa kucheka mpaka benchi linatikisika. Nikaifunga kwa leso, nikapanda boda hadi Obunga kwa Walter, mchoraji wa mabango ya vinyozi, na nikamwambia kwa kinywa changu mwenyewe: "Mrudishie mwili."

Walter ni fundi. Kufikia siku ya mazishi Nanyama alikuwa na mashavu, nywele zimesukwa, na tabasamu juu. Waombolezaji wa Webuye waliipiga picha kwa simu zao, wakanishukuru kwa kuileta. Mmoja aliniuliza namba ya mchoraji, nami nikampa.

Kisha Mama Nakhungu akaletwa mbele, ameshikiliwa na wakaza wana wawili. Aliitazama picha. Akainama, akaitazama tena kwa karibu.

"Seline, hii ni ya nani?"

"Ni ya Nanyama, Mama."

"Na ile ingine iko wapi? Ile nilimshikia kioo?"

Nikamwambia iko chini ya hii. Walter alikuwa amechora juu yake.

"Huyo wa chini ndiye nilikuwa naogesha," akasema. "Nilikuwa nataka kuaga yeye."

Akalowesha ncha ya leso yake kwa mate, vile mama humfuta mtoto uso, akaanza kusugua shavu. Alisugua bila haraka, akilitaja jina la mwanawe. Nilitaka kumshika mkono aache, nikashindwa. Nilisimama pale nikilia kwa aibu, kwa sababu rangi ya Walter ilikuwa imeshakauka.