Beseni Moja la Wageni Wangu Wawili

Shule niliishia darasa la tatu. Kampuni yangu ya usafi hapa ugenini, mjini Columbus, niliianza na ndoo moja, leo nina wafanyakazi kumi na wawili. Nilijiona najua kupatanisha watu.

Siku ya mahari ya binti yangu niliwaalika marafiki wawili wasiojuana. Mpalestina, muuza nyama wa barabara ya Morse Road, mteja wangu wa kwanza. Na mama Myahudi kutoka Louisville, aliyenifundisha kuendesha gari tulipokaa huko, mtaa wa Highview. Tangu vita vya Gaza kila mmoja alinililia kwenye simu, na mimi niliogopa nikiegemea upande nitabaki na mmoja tu.

Kwetu Kongo, milimani, waliogombana wakinawa mikono katika beseni moja mbele ya watu, ugomvi umekwisha. Bon, basi, nikawakalisha pamoja, nikashika birika mwenyewe. Wakanawa. Ukumbi mzima ukapiga vigelegele.

"Wanashangilia nini?" muuza nyama akauliza.

Binti yangu akamweleza. Muuza nyama akasimama, funguo za gari mkononi.

"Ndugu zangu wako kwenye mahema, na wewe unanisainisha amani kwa maji?"

"Nataka watu wenu mkae nchi moja kule, mpige kura pamoja," nikasema. " Shida iko wapi?"

"Kura hiyo ndiyo ninayoidai! Nyumba ya mama yangu iko kule. Lete haki kwanza, beseni baadaye."

Yule mama naye akatupa kitambaa mezani. "Na sisi Wayahudi tukiwa wachache humo, nani atatulinda? Wewe kitambulisho chako cha Kongo kilikulinda?"

 Kitambulisho kilikuwa mfukoni siku majirani walipotuambia turudi kwetu, na kwetu kulikuwa palepale.

"Papa, uliwauliza kabla?" binti yangu akasema.

"Hakuniuliza," akasema yule mama.

"Wala mimi," akadakia muuza nyama. " Huyu anaamuru tu."

"Hata kwenye usukani alikuwa hasikii!"

Muuza nyama akacheka bila kupenda, halafu akakunja uso tena.

Nilimwaga yale maji nje, nikaleta mabeseni mawili. Wakanawa upya, kila mmoja lake. Hawakupatana, nisiwadanganye. Lakini muuza nyama alirudisha funguo mfukoni, akaketi, akamgeukia yule mama.

"Haya, sema. Ungetaka ulindwe na nini?"

Alimuuliza yeye, si mimi. Nikabaki nimesimama na birika langu.