Wazo Lisilosalimu

Mama alipofariki, muda mfupi baada ya baba, niliacha shule ili nilee wadogo zangu wawili, na shule haikuonyesha kusikitika. Wazazi wetu walitoka Mtwara, baba akapata kazi bandarini Mutsamudu, wakatuzaa hapo: Wakristo katika mji ambao hata kuku wanaijua adhana. Nyumbani tulisema Kiswahili, mtaani Kinzwani, lugha ya kisiwa. Mama aliipenda desturi moja ya mtaa hadi akaiingiza ndani: mdogo hamsemeshi mkubwa kabla ya kumwambia “kwezi”, na mkubwa hujibu “mbona”. Alipoondoka, kwezi zote za nyumba ile zikawa zangu.

Kazi Mutsamudu hazikuwepo. Nikaenda Moroni, katika kisiwa kingine, kuwapikia masista wa kanisa, wadogo zangu nikawaacha kwa rafiki wa mama, jirani yetu, mpaka nipate chumba. Kabla sijakipata, kisiwa chetu kikapandisha bendera yake kikasema sasa ni nchi. Meli zikakatizwa, simu zikanyamaza. Moroni nako vijana wakaanza kuwasimamisha watu sokoni wasikie wanavyosema, wamjue aliyetoka kwetu. Mutsamudu walikuwa wakiniita mtu wa Bara. Moroni wakaniita mtu wa Mutsamudu. Kwa namna fulani nilikuwa nimepanda cheo.

Hapo ndipo mawazo yalipoanza. Yalikuja alfajiri, nikiwasha jiko. Umewatupa. Dada gani wewe? Hukusoma, huna mume, huna nyumba, hata wali unaunguza. Hilo la wali lilikuwa kweli. Masista waliula kama kitubio.

Nilimweleza sista mzee wa Kimalagasi, aliyekuwa akimenya shelisheli na kukitukana kisu kwa lugha tatu. Nilitegemea aniambie nisali. Akasema nasali tayari, ila kwa asiyestahili, maana kila asubuhi nalisikiliza lile wazo na kulijibu amina. Kisha akauliza mkubwa nani, mimi au wazo. Nikasema mimi, lenyewe limezaliwa juzi tu, meli zilipokatizwa.

“Na limekusalimu?”

“Wazo, sista?”

“Si wewe dada mkubwa? Linaingia bila salamu, nawe unalikalisha kitini. Hata malaika alipotumwa kwa Mariamu alianza na salamu. Lisilosalimu halikutumwa na Mungu. Litoe nje, halafu umuulize yeye anasemaje.”

Niliona ni theolojia ya jikoni, lakini mimi nilikuwa mtu wa jikoni. Kesho yake wazo lilipofika, nikalijibu kwa sauti: “Kwezi iko wapi?” Kuku wakanitazama. Nikamwambia Mungu, haya, sema wewe. Siwezi kudai nilisikia sauti. Kilichokuja kilikuja polepole, kwa upole wa mtu anayemsemesha mtoto aliyevunja bakuli: ulikwenda kuwatafutia chakula, huko si kutupa. Sikukiamini, kwa sababu kilikuwa kitamu mno. Sista akacheka.

“Ukitukanwa unaamini papo hapo,” alisema. “Ukipendwa unataka mashahidi.”

Nikaendelea hivyo asubuhi baada ya asubuhi. Kuna siku wazo lilinishinda nikalia ndani ya mchele. Kuna siku nilimwambia Mungu kwamba anachelewa kujibu kama ofisi ya serikali. Lakini sikuacha, maana ukaidi ndiyo karama pekee niliyopewa bila kuomba.

Kisha mchuuzi wa vitunguu aliyepenya kutoka Mutsamudu kupitia kisiwa cha Mwali akaniletea habari. Jirani yetu ameamua kuwagawa wadogo zangu. Msichana atabaki kwake kuchota maji. Mvulana atapelekwa Patsy kwa mtu mwenye mikarafuu. Boti ya yule mchuuzi ilikuwa inarudi. Nikapanda.

Jirani alinipokea mlangoni, wanawake wa mtaa wakisikiliza. Nikamwambia kwezi, akajibu mbona, kisha akaanza. Hukusoma. Huna mume. Huna nyumba. Hata wali unaunguza. Karibu nicheke. Maneno yale niliyajua kwa moyo. Aliruka kipande kimoja nikataka kumkumbusha. Kumbe jikoni kwa masista nilikuwa nikifanya mazoezi ya siku hiyo, nisijue.

“Mama, yote ni kweli,” nikasema. “Lakini Mungu aliponiachia hawa hakuniuliza hata moja kati ya hayo. Niliondoka kuwatafutia chakula. Nimerudi kuwachukua. Asante kwa kuwalisha.”

Akauliza tutalala wapi, huko Moroni ambako watu wetu wanapigwa mawe. Nikasema stoo ya masista, nao hawajui bado. Wanawake wakaangua kicheko, mmoja wao akamwambia jirani aniache niwachukue watu wangu, mwenye kichwa kigumu hivyo hashindwi na chumba. Jirani aliingia ndani. Aliporudi, alikuwa amebeba nguo zao, zimefuliwa na kukunjwa.

Kwenye boti ya kurudi Moroni mdogo wangu wa kiume alitapika mapajani mwangu kabla hatujauacha mji nyuma. Wa kike akaniuliza kama watu wa Moroni watatupiga. Nikasema huenda, na kwamba sokoni aniachie mimi nizungumze, nimeshajua wapi pa kunyamaza. Mawimbi yakazidi. Nikamshika mmoja kwa kola na mwingine kwa mkono, nikakosa mkono wa kujishikia. Sehemu hiyo nikamwachia Mungu, kwa kuwa asubuhi ile alionekana hana kazi nyingine.