Nilivyomfundisha Rehema Kusubiri

Mie ni mwalimu mstaafu wa Boko, na kutulia sijui. Hilo ndilo lililoniponza Jumamosi kwenye mashindano ya chesi ya mtaani kwetu.

Mpinzani wangu alikuwa Rehema, niliyemfundisha darasa la nne. Akanipa shikamoo, tukaanza, kila mtu na dakika zake kumi kwenye saa ya mezani; zikikuishia, umefungwa. Kete nyeupe zilikuwa zangu, nami nina ufunguzi wangu wa kuvizia: farasi anatoka kwanza, mfalme anajificha kona, katikati ya ubao unamwachia mwenzako ajitanue, halafu unambomoa kutokea pembeni.

Nikasogeza askari wa pembeni. Rehema akatulia. Mguu wangu ukaanza kutikisika chini ya meza.

"Mnaona?" nikawaambia watazamaji. "Kajaza katikati, sasa hajui atapalindaje. Huu mchezo ni subira, jamani!"

Rehema kimya, mikono mapajani. Nikajua kishaelemewa. Nikaeleza tena, nikafuta jasho, nikasimama, nikakaa, nikaeleza mara ya tatu. Mwishowe nikashindwa kuvumilia.

"Cheza basi, mwanangu. Kufungwa na mwalimu wako si aibu."

Akainua macho taratibu. "Samahani, mwalimu. Ulisogeza kete ukasahau kubonyeza saa. Dakika zilizokuwa zinakwenda ni zako, na zimeisha sasa hivi."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaongea, mwalimu. Mara ya mwisho nilipokukatiza, ulinichapa."