Buni Ndani ya Kishikio cha Fimbo

Wazee wa kanisa walipotaka fimbo ya kumuaga mchungaji Mzungu, yenye buni za Mbozi zinazong'aa ndani ya kishikio, nilisema naweza. Hakuna aliyeniuliza. Fundi mkuu wa karakana ya misheni, aliyenivumilia kuliko nilivyostahili, akajibu kwa upole: "Vizuri, bwana mkubwa. Ukishindwa, kerezo nampa mwingine, nawe urudi kwenye jembe. Mpini wake haujaoza bado."

Kukereza mbao kwa kerezo lile la kukanyaga kwa mguu ndiyo kazi pekee niliyowahi kuifanya bila kutamani nyingine. Basi nikaiweka rehani kwa mdomo wangu.

Fundi mkuu hakutaka moshi karakanani, akawa na haki. Nikachemshia nyumbani, uani: utomvu wa miti, unaoganda ukang'aa kama kioo, nta ya nyuki kidogo, na sufuria ya mke wangu ambayo sikuiomba. Buni nilizichuma asubuhi ile ile, nyekundu, ili zipendeze. Nikazipanga ndani ya kipande cha mwanzi, nikamimina utomvu.

Ukatoa mapovu kama chungu cha pombe. Ulipoganda nikaupasua mwanzi, nikaenda kukifunga kile kipande cha utomvu kwenye kerezo. Patasi ilipokigusa tu, kikasambaratika. Kigae kimoja kilimpata fundi mkuu shingoni. Akakichomoa, akakiweka mezani mbele yangu, na hilo ndilo lililonitisha.

Wakati huo mama mkwe alikuwa kwetu, akimtunza binti yake aliyejifungua. Kwa desturi yetu mimi na yeye hatutazamani wala hatusemezani, hivyo alikaa nyuma ya ua wa matete. Vibuyu vilivyopasuka, vya kijiji kizima, vilizibwa kwa utomvu na mikono yake. Nilijua. Nikaona ni heshima zaidi kuharibu kazi peke yangu.

Nilipojiandaa kumimina mara ya pili, sauti ikatoka nyuma ya matete:

"We kuku! Tangu lini kitu chenye maji kikatiwa kwenye utomvu wa moto, kikatulia?"

Kuku alikuwepo, nakiri. Alikuwa akiparua majivu.

"Mama watoto," nikamwambia mke wangu, "mwambie huyo kuku nimesoma mpaka darasa la nne."

"Ameshasikia," akasema, huku amejiziba mdomo kwa khanga.

"Kumbe kuku ana darasa la nne!" ikajibu sauti. "Basi, kuku msomi, toa hizo nyekundu. Menya buni, anika juu ya dari la jikoni mpaka zilie ukizitikisa. Zichovye kwenye nta kwanza, ndipo umimine, kidogo kidogo. Au endelea tu. Sufuria si yangu."

Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikafanya kama kuku alivyoagizwa. Huenda ningegundua mwenyewe, baada ya kumpiga fundi mkuu vigae vingine vichache.

Buni zilipolia, nikamimina, na safari hii kishikio kilizunguka kimya. Patasi ikatoa nyuzi za rangi ya asali, na buni zikatulia ndani kama zilizozaliwa humo. Fundi mkuu akakigeuza juani, akatafuta kosa, akapata moja dogo, akaridhika.

Siku ya kuaga, mchungaji akaniuliza mbele ya kanisa zima nani alinifundisha. Kusema ni mimi ni uongo. Kumtaja mama mkwe siruhusiwi.

"Kuku," nikasema.

Mchungaji alidhani Kiswahili kimempotea. Upande wa akina mama mtu alikohoa, kikohozi kirefu kisicho cha ugonjwa.

Jumatatu fundi mkuu akasogea pembeni ya kerezo, akanionyesha kanyagio kwa kidevu. "Kanyaga, mwanafunzi wa kuku. Kazi zimejaa."