Neno Moja kwa Wageni wa Aina Mbili

Ofisa mmoja wa halmashauri alikuja ofisini kwangu majuzi, akavua kofia, akaniomba niandike kijitabu cha kuitambulisha wilaya yetu. Alitaka kiwe na sehemu tatu: ya wakazi, ya wageni na ya wafanyabiashara. Hakuja kwangu kwa bahati. Katika mji huu mdogo wa kando ya Ziwa Tanganyika hakuna mwingine mwenye stashahada ya mawasiliano kutoka Toronto, na yangu nimeitundika ukutani mahali ambapo mteja akiketi hawezi kuikwepa. Sikurithi duka wala shamba. Mashine za kuchapia unazozisikia zikinguruma ukipita njia ya sokoni nimezinunua kwa jasho langu, moja baada ya nyingine. Nilimjibu kwamba siku tatu zitanitosha.

Sehemu ya wakazi niliimaliza asubuhi moja. Ya wafanyabiashara niliimaliza kesho yake kabla ya chakula cha mchana. Ya wageni imenikwamisha hadi leo. Niliandika neno "wageni" juu ya ukurasa, nikaliangalia kama mtu anavyomwangalia mbwa aliyewahi kumng'ata, na hapo hapo, rafiki yangu, nikajikuta nimerudi ghorofa ya tisa kule Flemingdon Park, Toronto, mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili mwanzoni. Majengo yetu yalikuwa marefu, ya matofali ya kahawia, yamepanga mstari juu ya bonde la mto Don kama watu wanaosubiri basi. Ukitoka kwenye lifti ungeweza kutembea umefumba macho na kujua umefika mlango wa nani: huku bizari, huku kitunguu kinachoungua, huku sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa kwa mawese. Huyo wa sombe alikuwa jirani yetu, mama wa Kikongo kutoka Uvira. Baba alipakia mizigo kwenye ghala huko Malton, karibu na uwanja wa ndege, zamu ya usiku, mabasi matatu kwenda na matatu kurudi. Mama alihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Kazi yangu mimi ilikuwa kuteremsha nguo chini kwenye mashine za kufulia na kukaa hapo nikizilinda, kwa sababu ukichelewa mtu huzitoa zikiwa mbichi na kuzirundika juu ya meza.

Vuli moja bibi mzaa baba alitujia kutoka Kigoma. Aliwasili na samaki wa ziwani, migebuka mikavu iliyofungwa ndani ya kanga tatu, sijui aliipitishaje, na nyumba yote ikanuka Kigoma. Baba alikuwa amepanga aishi nasi moja kwa moja, lakini nani anamwambia mama yake mzazi kwamba harudi tena kwake? Alimwambia tu, "Mama, njoo upumzike." Kwa hiyo bibi alipumzika bila kujua anapumzika hadi lini, na begi lake hakulifungua lote.

Hakuamini kitu. Hakuiamini lifti, kwa kuwa inafunga mlango kabla hujasema unakwenda wapi. Hakuyaamini maziwa yasiyoshika utando. Mabomba ya joto yalipogonga ukutani aliuliza ni nani huyo. Kutwa alisimama kwenye lile tundu dogo la mlangoni akiwakagua wapita njia. Kila alipomwona mtu amecheka na mwenzake kwenye korido alitikisa kichwa. "Mume wangu," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita, "mtu asiyekujua jina akikuchekea, hesabu vyombo vyako."

Basi siku chache baadaye akabisha mtu anayecheka. Alikuwa mwanamke wa Kizungu, mnene kidogo, wa ofisi ndogo ya mtaa iliyokuwa chini ya jengo la pili. Alikuwa amezaliwa katika wilaya ya mashambani huko Uingereza, na alitoa mkobani kijitabu cha kwao atuoneshe. Kilikuwa na picha za daraja la mawe, kanisa la zamani na kondoo wengi kwenye majani. Alisema kwao kila nyumba hupata kijitabu kama hicho, chenye habari kwa wakazi, kwa wageni na kwa wafanyabiashara, na yeye alitaka mtaa wetu nao uwe na chake, kwa lugha zote za majengo yetu. Mwalimu wangu alikuwa amemwambia kwamba kwa Kiswahili asihangaike, yupo mtoto anayeandika Kiingereza vizuri kuliko wenzake wote darasani.

Bibi aliziangalia zile picha kwa muda mrefu.

"Hawa kondoo ni wa nani?" aliniuliza. "Mbona mchungaji hayupo?"

Nilimtafsiria mgeni wetu, naye akacheka sana. Bibi hakucheka. Mgeni alipoondoka bibi alisema, "Anayekukaribisha kwa karatasi atakufukuza kwa karatasi."

Nilifasiri kile kijitabu kwa jioni mbili, kwenye meza ya chakula. Sijisifu bure nikikuambia kwamba wengi wenye umri wangu wa sasa wasingeweza. Lakini palikuwa na mahali pamoja. Kiingereza kilikuwa na maneno mawili: moja la mtu aliyekuja kutembea kisha aondoke, jingine la mtu aliyehamia juzi kwa nia ya kukaa. La kwanza nililijua. La pili sikuwa na hakika nalo, na sikumuuliza mtu, kwa kuwa aliyesifiwa na mwalimu haulizi. Kote kote nikaandika "wageni". Ukurasa ukatoka hivi: Wageni wanakaribishwa sana. Wageni walete karatasi zao ofisini. Wageni wasikae katika nyumba zaidi ya wiki mbili.

Wiki hiyo hiyo nakala zilipita chini ya milango ya wote waliosema Kiswahili. Nyumbani nilitangaza kwamba ni kazi yangu. Mama alibandika nakala kwenye jokofu, kando ya cheti changu cha shule.

Bibi alijua kusoma. Alifundishwa ukubwani, darasa la jioni, na alisoma kwa kidole, neno kwa neno, hivyo hakuna neno lililomponyoka. Alisimama mbele ya jokofu, akasoma, akaenda akaketi. Alikuwa na siku tisa tangu afike.

Jirani wa Uvira alikuja na nakala yake mkononi. Kwao walikuwa wamekimbia vita mara mbili.

"Mama muzee, miye najua batu ba biro," alimwambia bibi. "Banaanza na karibu. Kisha banaomba papye. Kisha unasikia kamiyo iko chini."

Biro, kwao, ni ofisi, papye ni karatasi, na kamiyo ni lori. Tangu siku hiyo jirani akawa hafungui dirisha la upande wa barabarani.

Lakini bibi hakuogopa lori. Alishuku kitu cha karibu zaidi. Kwetu, unajua, mwenyeji aliyechoka hamwambii mgeni aondoke. Hiyo ni aibu. Huwatumia watoto. Mtoto anatumwa aje aulize mbele ya watu basi la Kasulu linaondoka saa ngapi, na mgeni mwenye akili anafunga mzigo wake bila neno. Sasa hapa mjukuu ameandika kwa mkono wake kwamba wageni wasizidi wiki mbili, na mama mwenye nyumba amebandika jikoni. Bibi aliona amepewa ujumbe na mkamwana wake, na kwamba ujumbe umefungwa vizuri.

Akaanza kupungua mwenyewe ndani ya nyumba. Akila alisema ameshiba kabla sahani haijapoa. Aliosha kikombe chake peke yake, akakiweka mbali na vingine. Jioni moja, mbele ya jirani, alimuuliza mama kwa upole, "Nyumba hii haina jembe?" Alikuwa anaomba kazi asionekane mzigo, maana mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama naye akasikia lake: kwamba anatangazwa kwa jirani kuwa hajui kumtunza mzee. Alikwenda jikoni akafungua bomba la maji, akaliacha limwagike muda mrefu kuliko vyombo vilivyokuwapo.

Nami nilikuwa katikati yao nikila ugali wangu, nikidhani wamekosana kwa ajili ya migebuka.

Asubuhi ya siku ya kumi na nne nilimkuta bibi mlangoni amekalia begi lake, amevaa koti la baba juu ya kanga. Baba aliingia kutoka kazini, bado na viatu vyake vizito.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Wewe si unafanya kazi karibu na uwanja wa ndege? Nilikuwa nakusubiri unipitishe."

"Nimetoka huko sasa hivi."

"Basi utageuza. Mwenzako anaitaka nyumba yake."

Mama alitokea jikoni na mwiko mkononi. "Mimi? Mimi nimekufukuza, mama?"

"Hukunifukuza, mwanangu. Umetumia kalamu ya mtoto. Ni adabu pia, sikulaumu."

"Na wewe uliyeulizia jembe mbele ya jirani? Mtaa mzima utajua nakulimisha."

"Niliulizia jembe nisiitwe kupe."

Baba alisimama kati yao, usingizi umemjaa machoni, akamtazama mmoja kisha mwingine. Halafu akaenda kwenye jokofu. Alichukua nakala ya Kiswahili, akatafuta na ile ya Kiingereza, akaziweka mezani sambamba. Kiingereza chake kilikuwa cha ghalani, cha maboksi na namba, lakini alikuwa na subira. Akaweka kidole.

"Hapa pana neno hili," alisema. "Na hapa jingine. Mbona wewe umeandika moja?"

Wote watatu waligeuka kunitazama.

Nilikuwa na nafasi ya kusema sikujua. Neno moja tu hilo, rafiki yangu, nami nilikuwa na Kiswahili na Kiingereza cha kulisemea. Nikasema, "Mimi niliandika sawa. Yule mama wa ofisini ndiye aliyebadilisha wakati wa kuchapa."

Hakuna aliyeuliza mtu asiyejua Kiswahili hata "jambo" angebadilishaje Kiswahili. Mama aliweka mwiko chini. Baba alimwambia bibi, kwa mara ya kwanza, "Mama, hukuja kutembea. Umekuja kukaa." Bibi alinitazama mimi, si yeye, kwa muda. Kisha akaanza kufungua vifungo vya koti.

"Nilisema mimi," alisema. "Yule anachekacheka."

Mama alilibeba begi mwenyewe hadi chumbani, akalifungua, akapanga nguo za bibi kabatini. Asubuhi ile walikunywa chai kikombe kwa kikombe mpaka birika likaisha, na mimi nikaenda shule nikiwa nimepona.

Yule mwanamke alirudi. Alirudi kuwaita wazee kwenye darasa la Kiingereza, kwenye vipande vya bustani vilivyogawiwa kando ya bonde, kwenye chai ya Alhamisi. Kila alipobisha bibi alichungulia tunduni, akaweka kidole mdomoni, nasi tukasimama kimya huku mimi nikitazama kivuli cha viatu vyake chini ya mlango. Jirani wa Uvira, lori lilipokosa kuja, alikwenda bustanini, akapata kipande chake, akawa anatuletea matembele. Bibi aliyala na kuyasifu, na hakwenda. Mtu aliyelima tangu utoto alikaa miaka minane juu ya bonde lile akilitazama kupitia kioo. Nilijiambia ndiyo tabia yake, haamini watu.

Nilipomaliza chuo, nilichojilipia kwa kubeba masanduku Malton kama baba, nilimpelekea stashahada yangu kitandani. Miguu ilikuwa imemwishia. Aliishika kwa mikono miwili, akapitisha kidole juu ya jina la ukoo wetu, akatabasamu.

"Na hii umeiandika mwenyewe, mume wangu," akauliza, "au ni yule mama wa ofisini?"

Niliketi pembeni ya kitanda.

"Ningemfungulia," alisema, "angeanza kukusifu mbele ya mama yako, jinsi ulivyoandika vizuri, jinsi alivyochapa hivyo hivyo. Mama yako nilikuwa nimeshamtukana kwa ajili ya karatasi hiyo. Angekugeukia wewe."

"Miaka yote hiyo, bibi?"

"Chai yao nasikia haina sukari," alisema, akanirudishia karatasi yangu.

Mpaka leo sijui kama ilikuwa kweli. Huenda aliogopa tu watu, kisha mwishoni akaamua kuugeuza woga wake uwe zawadi kwangu. Huenda alitaka nijue nilichomgharimu, akanipa kwa utani ili nisiweze kukataa. Namshuku pande zote mbili, nami nimerithi kwake hilo la kushuku.

Alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Jirani wa Uvira alihamia mkoa mwingine kwa wanawe, na sombe haikunuka tena kwenye korido. Kabla sijarudi nyumbani nilishuka siku moja jengo la pili, nimevaa suti, nikaikuta ofisi ipo bado, imepakwa rangi mpya, na msichana mpole mezani. Nilimwambia namtafuta mama mmoja aliyefanya kazi hapo zamani, Mwingereza wa mashambani, nina neno la kumwambia. Akavuta kitabu cha simu za wafanyakazi wa zamani, akaniuliza anaitwa nani.

Nikafungua kinywa. Alibisha mlangoni kwetu mwaka baada ya mwaka, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza jina.